Mlalo au Wima

Dukani kwangu, nyuma ya mashine,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, au tuseme mzima kadiri goti lako linavyoruhusu. Je, uvimbe umepungua? Na shemeji anakunywa dawa zake za presha kila siku, au bado anazikumbuka siku kichwa kikimgonga tu? Wapwa zangu hawajambo? Yule mrefu ameacha kukua, au mmeshaanza kufikiria kuinua milango? Sisi huku wazima. Mimi mwenyewe mzima wa mwili, ila akili imechoka, na ukisoma mbele utaona kwa nini.

Bi Mkubwa ndiye mzima kuliko wote. Ana miaka minne sasa na nyumba yote iko chini ya amri yake. Mama mkwe wangu yuko hapa tangu mwezi uliopita, amekuja kumsaidia mwanawe, na juzi Bi Mkubwa alimwambia bibi yake kwamba asipokaa vizuri kwenye kiti atarudishwa kwao. Bibi akakaa vizuri. Mwanangu anakusalimia na anauliza shangazi yake ana meno mangapi. Nimemwambia nitauliza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu wifi yako anakuwa pembeni yangu. Unaniuliza habari za mama kijacho, namtazama, nasema nzuri, na maongezi yanahamia kwenye mvua. Leo nimeaga kwamba nakuja dukani kusafisha mashine ya fotokopi. Mashine nimeisafisha kweli, usije ukasema nimeanza uongo. Dereva wa basi la asubuhi ni mteja wangu, kesho nitampa bahasha hii, na Jumanne itakuwa mkononi mwako.

Dada, maji yamenifika shingoni.

Unajua wifi yako alivyojifungua mara ya kwanza, lakini ulikuwa umeshahamia huko na habari zilikufikia nusunusu. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, wiki ya thelathini na moja, naye alikuwa amelala kwa kukingama tumboni. Hapakuwa na muda wa kuulizana. Wakampiga nusukaputi, wakampasua. Aliamka jioni akiwa na kidonda na hana mtoto pembeni, kwa sababu mtoto alikuwa chumba kingine kwenye mashine ya joto. Alimwona siku ya tatu. Kidonda kikafanya usaha, maziwa yakachelewa, na kuna jirani mmoja aliyemwambia, akidhani anamfariji, kwamba heri yeye hakuujua uchungu. Wifi yako alimtazama yule mama na kumwongezea chai. Mpaka leo wifi yako hapiti mlangoni kwa yule mama bila kuinamisha uso.

Sasa ana mimba ya pili, wiki ya thelathini na nane, mtoto ameinamisha kichwa vizuri, hana presha, hana sukari, hana lolote. Na tangu mwezi wa kwanza alisema mara hii anazaa mwenyewe.

Mkunga wetu humjui, kwa hiyo nikueleze. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, anavaa viatu vya mpira vyeupe anavyovisugua kwa brashi kila asubuhi kwenye ngazi ya zahanati. Zahanati yenyewe ni vyumba vitatu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nusu ya watoto wanaopita mbele ya duka langu wakienda shule wametoka mikononi mwake, naye huwaita wote kwa uzito waliozaliwa nao. Kuna kijana wa kidato cha pili bado anaitwa Kilo Mbili na Nusu. Wifi yako akikaa kwake saa nzima anarudi nyumbani amenyooka mgongo. Mkunga huyo anamshika tumbo kama mtu anayepapasa mkate kuona umeiva, na anamwambia kila anachokigusa: hapa mgongo, hapa kisigino, huyu atakuwa mbishi.

Daktari wa uzazi yuko hospitali kubwa, mwendo wa nusu saa. Ni kijana, mrefu, anaongea taratibu na anachora. Kila anachosema anakichora nyuma ya karatasi ya dawa. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kumchukia, sikufanikiwa. Hana maringo. Alimwambia wifi yako waziwazi kwamba wapo wanawake wengi waliopasuliwa mara ya kwanza wakazaa kawaida mara ya pili, naye mwenyewe amewazalisha. Kisha akasema inategemea kovu.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Mimi nilidhani kovu ni lile tunaloliona, mstari chini ya kitovu. Kumbe hilo ni la ngozi tu. La maana liko ndani, kwenye mfuko wa uzazi, na wanaweza kukata ngozi kwa mlalo halafu ndani wakakata kwa wima. Kama la ndani ni la mlalo, chini, mama anaweza kujaribu. Kama ni la wima, uchungu ukikolea mfuko unaweza kuchanika, na hapo mnapoteza mtoto, au mama, au wote wawili. Tena daktari akasema makovu mengi ni ya mlalo, lakini mtoto akiwa njiti na amekingama, kama Bi Mkubwa alivyokuwa, mara nyingine wanalazimika kukata wima ili wamtoe. Akatuuliza karatasi ya upasuaji ule iko wapi. Bila karatasi, alisema, yeye atalihesabu ni la wima, na atampasua wiki ya thelathini na tisa kabla uchungu haujaanza.

Tukaenda kwa mkunga tukiwa na matumaini kwamba yeye atakuwa mlaini. Alituuliza swali lilelile. Alisema akiona neno mlalo limeandikwa na mtu aliyeshika kisu, atamsindikiza wifi yako mwenyewe hadi hospitali kubwa, akae naye mwanzo hadi mwisho, azae kawaida, na daktari awe mlango wa pili. Asipoliona, hamgusi.

Kwa hiyo unaona, Dada, mtaa mzima ulikuwa unabishana mkunga au daktari, muuza nafaka upande huu, mke wa fundi baiskeli upande ule, na kumbe wenyewe wawili hawabishani. Wote wanataka karatasi.

Na karatasi niliiharibu mimi.

Hili sijawahi kumwambia mtu wa kwetu. Siku tuliyoruhusiwa, mashine yao kubwa ya kuchapa ilikuwa mbovu, wakatuchapia muhtasari wa upasuaji kwenye ile ndogo, karatasi ndefu nyembamba inayong'aa, ya aina ya risiti. Nikasaini nimepokea. Nilikuja moja kwa moja dukani, na mtoto bado yuko kule kwenye mashine ya joto, nikasema karatasi hii ya kwanza ya mwanangu haitachakaa. Nikaitia laminesheni, yaani plastiki inayobanwa kwa joto.

Karatasi za aina ile hazina wino. Zinachapwa kwa joto, na ukiziongezea joto zinageuka nyeusi zote. Najua hilo. Nimewakatalia wateja wangapi wanaoniletea picha za utrasaundi niwatilie plastiki, na kila mmoja nimemweleza polepole kama mwalimu. Miaka kumi na moja niko kazini sijaharibu cheti cha mtu. Siku ile furaha ilinipofusha, nikaiingiza upande huu, ikatoka upande wa pili nyeusi tii, imebanwa vizuri, pembe zote nne zimenyooka. Nikaificha nyuma ya kabati la rimu. Wifi yako aliponiuliza, nilimwambia hospitali hawakutupa kitu.

Utasema, lakini si uliisoma kabla. Sikuisoma. Hili ndilo watu hawanielewi. Bwana aliyenifundisha kazi alinizaba kofi siku ya kwanza kwa kusoma talaka ya mteja huku naitoa nakala. Watu wanaleta majibu ya vipimo, barua za kufukuzwa kazi, hati za kesi. Akasema macho yako yaangalie pembe, usiangalie maneno. Imekaa sawa, haikupinda, basi. Nimezoea hivyo hadi kadi ya harusi yangu mwenyewe niligundua imekosewa tarehe baada ya kuisambaza. Karatasi ya mke wangu nayo niliangalia pembe.

Wifi yako alijuaje? Tulipanda gari tukaenda hospitali ile ya zamani, alikomzaa Bi Mkubwa, kutafuta faili, nami nikaenda nikiomba lipatikane, maana likipatikana siri yangu inabaki salama. Karani wa kumbukumbu alikuwa mwema sana, alihangaika masaa mawili kati ya rafu. Mafaili ya mwaka ule yalihamishiwa stoo, na stoo ilivuja. Alituletea faili lenye namba yetu, tukalifungua, likawa la mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Daktari aliyepasua alikwenda nje kusoma na hakuna aliye na namba yake. Kisha karani, kwa wema wake uleule, akaleta daftari la wagonjwa walioruhusiwa, akaweka kidole kwenye mstari wetu na kusema, lakini muhtasari mlichukua, saini hii hapa. Wifi yako aliitazama ile saini. Anaijua, ina mkia mrefu.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tulirudi hadi kituoni, na pale nikamwambia yote, tumesimama, watu wanatupita na mizigo. Alisema, "Nionyeshe." Nikamleta dukani nikaitoa nyuma ya kabati. Akaishika, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia. Alisimama hapo muda mrefu, na mimba ile, mgongo unamuuma, anasoma kitu cheusi. Nilimletea stuli hakukaa.

Nyumbani mama mkwe naye akaitazama, akavaa miwani, akavua. Yeye ndiye aliyekuwa wodini siku ile, na anasema daktari alimweleza kwa kuchora kidole hewani. Tukamuuliza alichora vipi. Akachora kwa mlalo. Wifi yako akashusha pumzi hata mimi nikasikia. Baada ya chakula cha mchana mama mkwe akasema hapana, ngoja, alikuwa amesimama hivi, akachora kwa wima. Tangu siku hiyo maskini anazunguka nyumba akichora hewani. Nimemkuta anapepeta mchele, anaacha ungo, anainua kidole, anafumba macho. Jana alilia. Anasema atakufa bila kukumbuka, nami namwambia kosa si lake, maana aliyekuwa na karatasi si yeye.

Tukarudi kwa mkunga na ule weusi. Aliupokea kwa mikono miwili kwa heshima, akauweka mezani. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba, karatasi ilipita mikononi mwako. Nijibu, na usimwangalie mkeo. Ilisema mlalo au wima?"

Dada, niliambiwa nisimwangalie lakini nilimwona. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda cha vipimo, na uso wake wote ulikuwa unaniomba neno moja. Lilikuwa kwenye ulimi. Mlalo. Silabi tatu na kila mtu angefurahi chumbani mle. Na huenda ni kweli, makovu mengi ni ya mlalo, daktari mwenyewe kasema.

"Sikuisoma," nikasema.

"Hata neno?"

"Hata neno."

Mkunga akavuta kiti akakaa, na nikaona uzee wake kwa mara ya kwanza. Akamwambia wifi yako aende kwa daktari. Wifi yako akamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Na nikikujia uchungu umeshakolea?"

"Ukinijia sitakufukuza," mkunga akasema. "Ndiyo maana nakuomba usinijie."

Kutoka hapo nimeishi siku kumi ambazo simtakii mtu. Wifi yako hakusema ndiyo wala hapana. Anapika, anafua, anamsuka Bi Mkubwa, anaongea na mimi mambo ya unga na sabuni. Na mke wa fundi baiskeli anakuja kila siku. Yeye alipasuliwa mtoto wa kwanza, na wa pili alijikalia nyumbani kimya, akaumwa na mlango umefungwa, akafika hospitali mtoto ameshachungulia. Mtoto mwenyewe sasa ana mashavu kama maandazi. Simulizi hiyo anaipenda, na kila akiisimulia uchungu unazidi kuwa mfupi na mtoto anazidi kuwa mnene. Daktari naye alikuwa ametusimulia ya mwanamke mwingine aliyefanya hivyohivyo na hakufika. Ya daktari ilikuwa fupi, haikuwa na mashavu, na nilijua ni ipi itakayokumbukwa jikoni kwetu.

Nikawa mlinzi. Nafunga duka mapema. Nimemwomba jirani mwenye teksi asiende mbali. Wifi yako akiguna kwa kuinama kuchukua ufagio, mimi nimeshasimama. Akikaa chooni zaidi ya kawaida namtuma Bi Mkubwa akagonge. Siku moja aliniambia namtazama kama mwizi anayengoja kutoroka. Nilisema samahani, na nikaendelea kumtazama. Nifanyeje, Dada? Tumbo si langu. Kovu si langu. Nikimwambia nenda ukapasuliwe, anayesema ni yule aliyeunguza karatasi. Nikimwambia fanya utakavyo, anaweza kufa kwa uungwana wangu. Nimezungukwa na watu wanaojua kazi zao, mkunga, daktari, hata karani, na mimi peke yangu sina ninalolijua, tena ndiye ninayeulizwa.

Jumatano alikuwa anakunja nguo za mtoto kitandani. Nilikuwa naziweka kwenye begi, maana hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa. Akasema bila kuniangalia:

"Ungesema mlalo pale kwa mkunga, ningekuamini."

"Ningekuwa naongopa."

"Najua. Nasema tu ningekuamini."

Akaendelea kukunja. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananisifu au ananilaumu, na sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa aliondoka asubuhi na mama yake, hakuniaga. Nilifika nyumbani mchana nikakuta nyumba tupu, na Bi Mkubwa kaachwa kwa muuza nafaka. Nilikimbia hadi zahanati, mkunga akanitokea getini akisema hayupo, nimtazame usoni nione kama anaficha. Sikwenda mbali. Nilikaa kwenye ngazi ile nyeupe kwa sabuni ya viatu vyake, nikangoja. Walipita hapo saa tisa wakirudi, wifi yako mbele, mama mkwe nyuma na bahasha. Walikuwa hospitali kubwa. Ameweka siku. Ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi.

Bahasha ile ilikuwa fomu ya kukubali upasuaji. Alinipa mbele ya mama yake, akaniambia niisome kwa sauti, yote, nisiruke. Nikasoma. Kuvuja damu, kuongezewa damu, kibofu kujeruhiwa, kuondolewa kizazi, kifo. Kila nikifika kwenye neno baya nasimama, na yeye ananiambia endelea. Mama mkwe alitoka nje. Nilipomaliza akachukua kalamu akasaini pale pale juu ya goti lake, akaniambia nitoe nakala moja ibaki nyumbani. Nimeitoa leo. Haina plastiki.

Alimwomba daktari mambo mawili. La kwanza, ganzi iwe ya mgongoni, asilazwe usingizi. Daktari amekubali, ila amesema hawezi kuahidi, maana huwa inatokea ganzi haikamati au kovu limeshikamana na mambo yanakwenda mbio, na hapo watamlaza tu. La pili, mkunga aingie akae karibu na kichwa chake. Hilo linasubiri muuguzi mkuu, na jibu hatujapata. Mkunga amekwisha kuomba ruhusa ya siku nzima kazini kwake. Anasema wakimkatalia atakaa kwenye korido na viatu vyake. Mimi siruhusiwi kuingia, na sikuomba.

Baada ya kusaini nilidhani mambo yamekwisha, nikafanya kosa la kumwambia kwamba cha muhimu ni mtoto kufika salama, njia si kitu. Watu wote wanasema hivyo. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie, maana tangu Ijumaa linanitafuna.

"Kila mgeni akija hapa unamsimulia Bi Mkubwa alivyolia siku ya kwanza," akasema. "Ulikuwa koridoni ukamsikia. Alilia mara tatu, akanyamaza, ukaogopa, kisha akalia ya nne kwa hasira. Mimi ndiye niliyemzaa, nami nakaa pale nasikiliza pamoja na wageni."

Dada, hata wewe nimekusimulia. Nakumbuka nilikupigia simu siku ileile, nikaigiza na sauti. Nimemsimulia dereva wa basi, nimewasimulia wateja wakingoja picha zikauke, nimemsimulia fundi bomba. Miaka minne. Nilidhani ni hadithi yetu sote watatu, na kila mara yeye anatabasamu na kwenda kuchota maji. Mimi nilikuwa nawaza mlalo na wima, kisu na uchungu, na kumbe yeye alichokuwa anakitafuta kwa mkunga ni kile kilio. Nilijaribu kumwomba radhi. Akaniambia nisimbembeleze, nikae tu. Nikakaa. Alilia kidogo, akaniegemea bega, tukabaki hivyo mpaka Bi Mkubwa alipokuja kutuamuru twende tukale.

Basi, ndivyo tulivyo. Kazi yangu Alhamisi ni kushika begi. Nimeona korido yenyewe, ina benchi la chuma na mlango wa kijani usio na kioo.

Nisalimie sana shemeji, mwambie dawa za presha si za kuonja. Nisalimie wapwa zangu wote, kuanzia Mrefu hadi yule mtundu wa mwisho, na mama mkwe wako, na yule jirani yako fundi wa viatu aliyenibebea mzigo nilipokuja. Mama mkwe wangu anakusalimia, amesema umwombee akumbuke, ingawa nimemwambia sasa haidhuru. Bi Mkubwa bado anangoja jibu la meno. Mungu akujalie goti jepesi na nyumba yenye amani, na atukutanishe tukiwa tumetimia.

Jambo moja nakuomba. Alhamisi utapiga simu, nakujua, na nitakayepokea ni mimi. Usiniulize mtoto amelia vipi. Ngoja mpaka mwenyewe apate nguvu ya kushika simu, umuulize yeye. Na akikuambia kwamba hakusikia, basi ujue kuwa hata mimi sikusikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitinda Mimba wenu.